Habari za Roman Gapinski na Kimya Chake Kikuu

Sogeeni, enyi watu wa baa na watu wa sebuleni, enyi mnaoapa kuiacha timu yenu kila Oktoba na kuirudia kila Aprili kama mlevi airudiavyo chupa! Zimeni simu, tulizeni watoto, mkae. Nawaletea habari za vita visivyomwaga damu bali bia, na bia yenyewe glasi moja, tena ilikuwa yangu. Nawaletea habari za Roman Gapinski, fundi bomba mstaafu, fahali wa upande wa kusini wa Milwaukee, mwenye kifua cha pipa na sauti ya king'ora, bingwa wa maoni asiyoombwa, ambaye Jumamosi moja ya Juni, mchana kweupe, alitenda jambo ambalo mamake, walimu wake, padri wake na marehemu mkewe walilisubiri maisha yao yote wasilione. Alinyamaza.

Ewe roho uliyemo ndani ya televisheni za baa, wewe uonaye yote na usiyemsaidia yeyote, nipe pumzi niyasimulie haya nisicheke kabla ya wakati.

Mjue kwanza bwana huyu alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna mchezaji aliyeuzwa, kocha aliyefukuzwa wala mwamuzi aliyekohoa ambaye Roman hakuwa na neno juu yake. Aliamini kwamba mpira wa kikapu uliingiwa na laana siku wale warefu walipoanza kurusha kutoka mbali, badala ya kwenda chini ya kikapu wakasukumane kama Mungu alivyokusudia. Aliamini kwamba besiboli inauawa na makocha wanaomhesabia mrushaji mipira kwa kompyuta, wakamtoa mtu mkono wake ungali wa moto. Na juu ya yule mkimbiaji wa siku hizi anayewekwa kituoni bure muda wa nyongeza ukianza, alikuwa na hotuba iliyowahi kuvunja sherehe ya kipaimara ya mpwa wake, keki haijakatwa.

Sasa, iko sheria huku kwetu ambayo hakuna bunge lililoipitisha, nayo yaogopwa kuliko sheria za kodi. Ikitokea mrushaji wa timu yetu ya besiboli anawanyima wapinzani hata pigo moja safi, kipindi baada ya kipindi, jambo hilo halitajwi. Mrushaji mwenyewe hasemeshwi. Wenzake humkwepa benchini kana kwamba ana ndui. Nasi tulio mbali, kwenye baa, hatulisemi, hatuhami viti, hatugeuzi kofia. Ukilitaja limekufa, na muuaji ni wewe.

Roman aliwahi kuwa muuaji. Kiangazi cha mwaka jana, mambo yakiwa yamefika kipindi cha nane kati ya tisa, alisimama akapaza sauti: "Jamani, mmeona hawa hawajapiga hata moja?" Hajafunga mdomo, mpira ukapaa juu ya ukuta. Lorraine, mwenye baa, mwanamke mwenye mikono ya mwashi na huruma ya hakimu wa makosa ya barabarani, akamvua stuli yake ya katikati ya kaunta, inayotazamana na televisheni uso kwa uso, akampeleka kwenye korido ya choo. Huko kioo cha televisheni chaonekana nusu, na kila apitaye anakuomba umpishe. Akakaa huko hadi msimu ukaisha. Mwaka huu akarudishiwa stuli kwa kiapo: akirudia, hapelekwi tena koridoni, anatolewa nje moja kwa moja, na asirudi. Na mtu akikuambia, "Aa, baa tu hiyo," mwambie akakae katika nyumba ya Roman tangu mkewe Bernadette alipofariki, azungumze siku nzima ajibiwe na friji.

Aliyeimezea mate stuli hiyo alikuwa Duane Pietrowski, kaka yake Bernadette, dereva wa lori la kukwangua theluji, ambaye kiangazi hana kazi ila kumuudhi shemeji yake. Kama Roman alisema kaskazini, Duane alisema kusini. Walibishana arusini, walibishana msibani, na siku ya kumzika Bernadette walibishana makaburini juu ya kikapu mpaka padri akaingilia kati akiwa na maoni yake.

Basi Jumamosi hiyo mrushaji wetu, kijana mrefu mwembamba, alianza kuwachinja wapinzani. Kipindi cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Kufika cha tano nikaona baa imeanza kunyamaza, watu wanakunywa kwa adabu kama kanisani. Bwana mmoja aliyekuwa chooni alipotaka kutoka, Lorraine alimsukumia mlango. "Tangu uingie hawajagusa kitu," alimwambia. "Kaa humo humo, nitakuletea bia."

Hapo ndipo Roman alipoliona. Nilimwona akiliona. Shingo ilivimba, masikio yakawa mekundu, na lile neno likapanda kutoka tumboni hadi kooni. Duane, aliyeketi kushoto kwake, naye akamwona, akajilamba midomo.

"Shemeji, mbona kimya?" akasema kwa sauti ya asali. "Leo mchezo hauna maneno?"

"Maneno yapo. Nayatunza."

"Hebu nisomee yale matokeo. Macho yangu siku hizi mabovu."

"Vaa miwani."

"Nimeisahau nyumbani."

"Basi kaa kipofu. Watakatifu wangapi walikuwa vipofu, na hawakusumbua watu baani!"

"Sawa, nisomee ile sifuri ya katikati tu. Ile ya wapinzani. Inahesabu nini?"

Lorraine akaweka kitambaa chini. Baa nzima ikamgeukia Roman. Naye shujaa, mwana wa Gapinski, jasho likimtiririka hadi kwenye kola, akafumba macho, akaifungua mikono yake, akanguruma:

"MPIRA WA KIKAPU!"

Nikaruka, na hapo ndipo bia yangu ilipomwagika.

"Nitasema juu ya mpira wa kikapu," akaendelea, "na mtanisikiliza! Nimetambaa chini ya nyumba za mji huu miaka na miaka, kwenye tope na panya, magoti haya yakilia kama bawaba. Je, nilimwambia mteja hata siku moja, 'Samahani mama, choo chako kinafurika, lakini leo fundi anapumzishwa ili awe mzima kwa vyoo vya mwezi wa tano'? Mnakuja uwanjani na mtoto, mmevaa jezi ya nyota wenu, nyota wenu huyo amekaa benchini na suti ya arusi, mzima wa afya, eti anatunzwa kwa mtoano wa Mei, anatafuna bisi! Amechoka na nini? Na hao wanaocheza, kila mmoja anarusha kutoka kwenye maegesho ya magari! Mtu ana urefu wa nguzo ya umeme, kikapu kiko pale, anakikimbia kama kinamdai!"

"Lakini ikiingia inahesabika tatu," Duane akasema, maana hata shetani ana udhaifu wake.

"Na isipoingia?"

"Unarusha nyingine."

"Ndiyo akili yako ilivyo, shemeji! Ndiyo maana kila mwaka unagonga lile sanduku la barua la jirani!"

Kwa silaha hiyo Roman alivuka kipindi cha sita na cha saba. Kila neno la haramu lilipompanda, alilifunika kwa kikapu. Akamtukana mwamuzi wa Februari. Akawapanga upya wachezaji wetu watano, akawauza wawili, akamrudisha mmoja kwa huruma. Sauti ilikuwa imeanza kukauka, na mimi namwambia kila atakayesikia: sijawahi kumwona mtu akiteseka kiasi kile akiwa ameketi.

Katikati ya hayo aliingia mgeni, bwana mmoja mpole mwenye kofia ya gofu, akiuliza choo.

"Choo kina mtu," Lorraine akasema.

"Nitasubiri. Vipi mchezo?"

"Tunaongoza," akajibu Roman, shingo imekakamaa.

"Vizuri! Na hao wengine, wamepiga ngapi mpaka sasa?"

Lahaula! Duane alicheka kimoyomoyo hadi mabega yakatikisika. Roman akamshika mgeni bega kwa mkono ule uliofungua mabomba yaliyoshindikana, akamtazama kwa macho ya huruma, akasema polepole: "Ndugu yangu, hapa hatuulizi, hatujibu. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha mafuta. Choo chao ni kisafi. Nenda na amani." Mgeni akaenda.

Kikaja kipindi cha nane, na pamoja nacho jaribu kuu. Wapigaji wawili walikuwa wameshatolewa. Akatoka kocha wetu. Akatembea taratibu, mikono mfukoni, hadi kwenye kichuguu cha mrushaji, akanyoosha kiganja apewe mpira. Kompyuta ilikuwa imehesabu. Mirusho ya kijana imetosha.

Enyi wasikilizaji, lipimeni hilo! Hili ndilo jambo ambalo Roman amelipigia kelele tangu angali na nywele. Haki ilikuwa yake, hoja ilikuwa yake, na hoja yote ilikuwa ndani ya lile neno moja lisilosemwa: kwamba huwezi kumtoa mtu ambaye hajapigwa. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Alifungua mdomo, tukaona koromeo, na Lorraine akaelekeza kidole mlangoni. Basi Roman akaivua kofia yake, akaikunja, akaisokomeza mdomoni yote mpaka ukingo, akaishika kaunta kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Kweli kabisa, machozi.

Na katika kimya hicho ikapasuka sauti:

"We kocha una wazimu? Unamtoaje mtu ambaye hajapigwa hata MOJA?"

Alikuwa Duane.

Alijiziba mdomo kwa viganja viwili, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mrushaji mpya akarusha. Mpigaji akazungusha gongo, mpira ukalala kwenye majani ya kushoto, pigo safi, hata kipofu asingelibisha. Mlango wa choo ukafunguka wenyewe, bwana yule akatoka na kuuliza, "Nani?" Sote tukanyoosha vidole. Lorraine alichukua glasi ya Duane, akatangulia nayo hadi koridoni, na Duane akaifuata kichwa chini.

Hapo watu wakampigia Roman makofi. Walimtoa kofia mdomoni, wakamfuta, wakamwagiza brandi. Lorraine akazima sauti ya televisheni, heshima ambayo hata rais hajapewa pale, akasema, "Haya Roman, umeruhusiwa. Sema."

Akasema! Alimsema kocha, kompyuta, aliyeiuza kompyuta na shule aliyosomea. Lilikuwa gharika. Na kila alipotua kuvuta pumzi, sote tukaitikia, "Kweli, Roman. Umesema kweli." Akaendelea, sisi tukaitikia. "Kweli kabisa." Nikaona uso wake unaanza kunyauka. Akamtazama mmoja wetu, akamtazama mwingine, akatafuta. "Hakuna anayepinga?" akauliza. Tukamwambia hapana, mzee, uko sawa mia kwa mia. Kwa kweli sijapata kumwona mshindi mwenye huzuni namna ile.

Akashuka kwenye stuli. Akaiinua begani, ile stuli aliyoipigania kwa jasho na kofia, akapita nayo katikati yetu mpaka koridoni, akaitua kando ya Duane, pale ambapo kioo chaonekana nusu.

"Shemeji," akasema, "unamwonaje yule kocha?"

Duane alikunywa kwanza. Alimtazama Roman, akaitazama stuli, akafuta povu mdomoni.

"Alifanya sawa kumtoa," akasema. "Mkono ulishachoka. Kompyuta haidanganyi."

Uso wa Roman Gapinski ukawaka kama taa za uwanja. "We mjinga," akasema, akivuta stuli karibu. "We mjinga wa kuzaliwa, dada yako alikuwa akiniambia, nami nikawa siamini. Sogea nikueleze."

Na iandikwe katika kumbukumbu za upande wa kusini, isomwe kila Aprili: timu yetu ilishinda siku ile, nasi tuliimba hadi vioo vikatikisika, na watu wawili tu katika mji mzima hawakujua, kwa sababu walikuwa bado hawajamalizana.