Kifungua Mimba Kusimamishwa Mguu Sawa na Kitinda Mimba

Kwa Mkuu wa Majeshi,
Makao Makuu.

Mheshimiwa Afande,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, naisubiri yako.

YAH: KUPANGULIWA KWA UZAZI WANGU

Mimi ni fundi cherehani na mama wa askari wawili. Nilizaa kwa utaratibu: kwanza Mkubwa, na baada ya miaka sita, Kidogo. Jeshi lako limeupangua utaratibu huo bila kumuuliza mwenye tumbo.

Mkubwa alikuwa sajini wa nchi kavu, V tatu mkononi, nilizishona mimi. Mwaka huu aliomba kuhamia jeshi la anga ajifunze ufundi wa injini. Wakamwambia kazi mpya, cheo upya, aanzie chini kabisa. Nilizifumua V zote kwa wembe huku machozi yananitoka. Na koplo anayesimamia karakana yake ni nani? Ni Kidogo, ambaye Mkubwa huyo huyo ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wamekuja likizo pamoja. Juzi Mkubwa aliingia sebuleni na kikombe cha chai, akamkuta mdogo wake kwenye sofa, akakakamaa mguu sawa. Chai yote kwenye kitambaa changu cha meza. Kidogo naye, bila haya, akamruhusu apumzike. Tangu hapo Mkubwa anakula jikoni. Miaka minne sijawaona wanangu wote chini ya paa moja, na sasa nakula nao kwa zamu. Inaniuma, Afande.

2. Hilo jeshi la anga ni la anga gani? Mkubwa ana miezi saba huko na hajaondoka ardhini hata kimo cha kuku. Anaosha magurudumu. Wenzake aliowaacha nchi kavu ndio wanaoruka na miavuli. Mtoto wa jirani ni mwanamaji wa stoo ya sare, maji anayaona bombani. Sasa mtu akihama, anatoka wapi kwenda wapi?

3. Mume wangu, dereva wa lori mstaafu, ameona vyeo vinagawiwa ovyo, akajipa ubrigedia. Chai ananiagiza kwa filimbi.

Kwa hiyo naomba vyeo vyote jeshini vipangwe kwa kuzaliwa. Anayetaka kumpita kaka yake alete kibali cha mama, chenye sahihi. Najua mkubwa ni jalala, lakini jalala nalo lina heshima yake. Na wewe Mheshimiwa, kama una kaka humo jeshini, hata awe mpishi, tafadhali Jumatatu umpishe kiti.

Nisalimie mkeo, dereva wako, na walinzi wa geti walionirudisha mara mbili. Mama yako pia, kama yu hai. Yeye atanielewa.

Mimi raia mtiifu, kwa sasa,
Mama Askari Wawili.

N.B. Nikiwa nalamba bahasha nimesikia Kidogo jikoni akitoa amri ya vyombo. Nimechungulia. Mkubwa, ambaye kwa miaka thelathini na moja humu ndani sijawahi kumshikisha sufuria, anasugua, mdogo wake anasuuza, na wote wawili wanacheka mpaka vijiko vinawaponyoka. Ukishaisoma barua hii ichane, Afande, na cheo cha mtu usikiguse. Ila waongeze likizo wiki moja. Madirisha bado.