Ufunguo Uliokwenda Ufukweni

Jumatatu, 3 Juni
Mstarini asubuhi mwalimu mkuu alinguruma: marufuku mzazi kumtoa mtoto shuleni kwenda kustarehe muhula ukiendelea. Jioni Baba akatangaza kwamba Jumatano tunaenda ufukweni. Vyumba ni rahisi sasa, watu wote wako shuleni. Nikamkumbusha kuwa mimi pia ni watu wote. Akasema niache ubishi, nipange nguo.

Masomo nitayafidia. Shida ni maktaba. Mtunza ufunguo ni mimi. Nisipokuwepo atapewa mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Profesa, ambaye hukunja kurasa za vitabu.

Jumanne, 4 Juni
Mpango: kumshtaki Baba kwa mwalimu mkuu ili azuie safari. Nilisimama mlangoni mwa ofisi hadi miguu ikafa ganzi. Kubisha hodi kulinishinda. Mwishowe karani akatoka, akasema mkubwa amesafiri kikazi.

Profesa akanipitia, akauliza kwa sauti ya asali nitamwachia ufunguo saa ngapi. Nikasema nitafikiria. Nimefikiria. Umo ndani ya soksi yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Ufukweni. Mchanga umejaa kitabuni. Mama akanituma maji ya kunywa, akasema walau nionekane natembea kama watoto wa wenzake.

Mbele yangu kwenye foleni, kaptula ya maua. Ndani ya kaptula, mwalimu mkuu. Ubavuni, wanawe wawili, wanafunzi wa shule yetu. Nikamwamkia. Akaninong'oneza kwamba mimi sijamwona, naye hajaniona.

Hapo simu yake ikalia, sauti ya karani ikasikika hadi kwangu. Maktaba imefungwa, darasa zima liko nje, ufunguo haujulikani uliko. Akajibu kwa ukali kwamba yeye atajuaje, huku akinitazama miguuni. Ufukwe mzima, mwenye soksi nilikuwa mimi tu. Akafumba macho, akaamuru kufuli livunjwe.

Jumatatu, 10 Juni
Mwalimu mkuu, pua imebabuka kwa jua, amerudia marufuku yake mstarini. Kuhusu ufunguo, akasema umepotea katika mazingira ya kutatanisha. Hakunitazama hata kidogo.

Kufuli ni jipya. Mtunza ufunguo ni Profesa. Amenipa pole, eti nilionekana mgonjwa tangu wiki jana. Kitabu alichokuwa ameshika kilikuwa na pembe iliyokunjwa kila ukurasa.

Baba anataka twende tena muhula ujao. Nimelitafakari kosa langu kwa kina. Niliondoka na ufunguo, nikaacha kufuli mlangoni. Cheo changu cha utunza ufunguo nitakipata tena kwanza. Kisha, safari ijayo, naondoka na vyote viwili. Nitahitaji soksi kubwa zaidi.