Malalamiko ya Fundi Rafaeli Kuhusu Uumbaji wa Ulimwengu

Rafaeli, fundi cherehani,
Nyuma ya saluni ya Loveth,
Mikumi.

Kwa Katekista Optatus,
Kigangoni.

Shikamoo Baba Katekista,

YAH: OMBI LA KUSITISHWA KWA UUMBAJI NYUMBANI KWANGU

Mimi ni yule fundi anayekaa benchi la mwisho karibu na mlango, mume wa Devota wa kwaya. Sijawahi kukulalamikia kwa lolote, hata ile Jumapili uliyosoma matangazo mpaka watoto wakaomba chakula kanisani. Lakini hili la sasa limenishinda, ndiyo maana nimeweka sindano chini nikachukua kalamu.

Utakumbuka ulitangaza kwamba watoto ambao hawajaanza chekechea wafundishwe na wazazi wao nyumbani jinsi Mungu alivyoumba ulimwengu, kila jioni siku moja, mpaka ya saba. Ukauliza nani yuko tayari kuanza. Mkono uliokwenda juu ulikuwa wangu, lakini aliyeunyanyua ni Devota. Binti yetu Yunis ana miaka minne. Nilidhani ningemsimulia, angesinzia, nami ningerudi kwenye cherehani. Haikuwa hivyo. Ilivyokuwa nakuandikia hapa, kwa heshima zote.

1. Nuru. Jioni ya kwanza umeme ulikuwa umekatika, nikaona ni nafasi nzuri. Nilimwambia Yunis kwamba hapo mwanzo kulikuwa na giza kama hili letu, Mungu akaiita nuru nayo ikaja. Yunis akasimama katikati ya chumba, akasema kwa sauti ya kumwita mbuzi, "Nuru, njoo." Taa ikawaka. Baba Katekista, mimi ni mtu mzima na najua umeme unavyorudi, lakini nilijikuta nimevua kofia.

Loveth wa saluni alisikia yote dirishani. Tangu hapo umeme ukikatika wakati ana mteja kwenye mashine ya kukausha nywele, anamtuma mtu kumchukua mwanangu. Safari ya pili Yunis aliita mpaka sauti ikakauka, nuru isije. Akarudi analia, akaniuliza, "Baba, Mungu amenuna?" Imenibidi nieleze nguzo, nyaya na transfoma, mambo ambayo hukuyataja kwenye tangazo.

2. Maji. Nilieleza kwamba Mungu aliyagawa maji, mengine yakakaa juu na mengine chini. Kesho yake Yunis aliigawa ndoo yetu ya maji ya kunywa. Ya juu aliyaweka kwenye meza yangu ya kukatia, ndani ya kofia mpya ya bwana harusi mmoja wa Ruaha ambaye ninamshonea suti. Ya chini yalifika yenyewe.

3. Mimea. Nyuma ya nyumba tuna kipande cha mahindi, na hicho ndicho ugali wetu. Nilipokwenda kupalilia Yunis alinifuata, kila jani ninalong'oa analirudisha shimoni na kulishindilia kwa kisigino. Nikamwambia haya ni magugu. Akauliza, "Mungu alipoyatazama aliridhika?" Nikasema aliridhika, maana ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe jana yake. "Sasa wewe hujaridhika na nini?"

Jirani yetu Bi Mwanvua alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Ni Mwislamu mwenye heshima zake, mtu asiyecheka ovyo. Siku hiyo aliishika kamba kwa mikono miwili.

4. Jua, mwezi na nyota. Hapa sina malalamiko. Vilikuwa mbali, hakuvifikia.

5. Samaki na ndege. Dagaa hawaliki tena nyumbani kwangu. Yunis alimwinua mmoja kwa mkia, akamweleza mama yake kwamba huyu alibarikiwa ili azae, akataka kujua kama alishazaa kabla hatujamkaanga. Devota akamtazama dagaa, akanitazama mimi, akaifunika sahani. Tulikula mlenda.

6. Wanyama. Hapa ndipo hasara ilipoanza kuonekana kwa macho. Unajua tunavyoishi hapa Mikumi, hifadhi iko mlangoni, na nyani huja asubuhi kwenye mahindi kama watu wanaokagua shamba lao. Mimi nilikuwa nimeeleza kwamba siku ya sita Mungu aliwaumba wanyama, ndipo akamuumba mtu, na mtu akapewa kazi ya kuwapa wanyama majina. Asubuhi nikatoka na fimbo. Nikamkuta Yunis amesimama kati yangu na nyani, amenyoosha mkono kama trafiki. "Baba, wao wametangulia. Subiri zamu yako." Neno hilo alilitoa zahanati, ambako sisi wenyewe tulimfundisha kwamba aliyetangulia ndiye anayeingia.

Nyani dume hana utani na mtoto. Nilimnyakua nikakimbia naye ndani, tukakaa dirishani tukiwatazama wanavyokula. Na hapo dirishani ndipo alipowapa majina. Naomba radhi kwa hili linalofuata. Yule dume mkubwa, anayekaa mbele huku wengine wote wamemwelekea, amemwita Optatus. Nilimkanya. Akasema si tusi, wanafanana wanavyotulia.

Shida ni kwamba Bi Mwanvua amelishika jina hilo. Kwa hiyo juzi ulipopita na baiskeli ukamsikia mwanamke anapaza sauti, "Optatus, toka kwenye mahindi ya watu," ukashuka, ukajitazama, ukaondoka bila kusalimia, hukuwa wewe uliyesemwa.

7. Mtu. Hili ni refu kidogo, nivumilie. Siku ya sita kwetu ilichukua muda mrefu kuliko ilivyochukua kwa Mungu.

Nilimweleza Yunis kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa udongo, akampulizia pumzi, mtu akawa hai. Kesho yake nikiwa kwenye cherehani nikaona nyumba imekuwa kimya, na kimya cha Yunis si cha kuachia. Nikamkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amefinyanga mtoto wa udongo, amemlaza kwenye bitana ya ile suti ya bwana harusi, anampulizia puani mpaka macho yamemtoka.

"Baba, hapumui. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia labda udongo wa hapa haufai. Nilisema hivyo ili nirudi kazini. Basi akaomba simu, akampigia bibi yake Doris, mama mkwe wangu aliyeko Kilosa, akamwomba udongo wa huko. Mama mkwe wangu hajawahi kumnyima mjukuu kitu. Kiroba kikaja na basi. Konda akaniuliza kuna nini humu ndani, nikamjibu, udongo. Akatazama chini pale tulipokuwa tumesimama, akanitazama mimi, akanikabidhi.

Mtoto wa udongo wa Kilosa naye hakupumua. Yunis akakaa karibu naye, akakataa uji. Ndipo Devota alipokaa chini kando yake akamuuliza kwa nini anamtaka sana mtoto huyu.

Yunis akasema, "Ni yule ambaye hakuja."

Baba Katekista, wewe ulikuja kutuombea baada ya Pasaka, mimba ya Devota ilipoharibika, kwa hiyo sina haja ya kukueleza. Yunis hatukumwambia kitu. Tulisema mama anaumwa tumbo. Na sisi wenyewe hatukulizungumza. Mimi nilishona, yeye alikwenda kwaya, siku zikapita. Tulidhani mtoto wa umri ule hajui. Kumbe alikuwa amesikia kwamba mdogo wake anakuja, na hakuna aliyemwambia kwamba haji tena, kwa hiyo alikuwa anangoja.

Devota alilia palepale, mikono yake ikiwa na udongo, mara ya kwanza mbele yangu tangu tutoke hospitali. Mimi nilisimama na futi yangu ya kupimia shingoni, sikujua niiweke wapi. Kisha akanawa uso, akauchukua udongo wa Kilosa akauchanganya na wetu, wakamfinyanga mtoto upya, wao wawili, wakamtengenezea masikio na vidole. Yunis alipoinama ili ampulizie, mama yake alimshika bega.

"Hiyo ya kupuliza si yetu, mwanangu. Yetu ni kumfinyanga vizuri, basi."

Yunis akauliza, "Mungu hakutaka kumpulizia?"

"Sijui," Devota akamwambia. "Hata mimi nimemuuliza."

Nikaitwa nikate nguo ya mtoto. Nikaikata, nikaishona kwa mkono, nikaitia na kola. Tukamlaza chini ya mpapai, Devota akaimba, nami nikasali ile sala ambayo ningepaswa kuisali tangu Pasaka. Yunis akala uji bakuli zima.

Nalilalamikia hili kwa sababu mchana wote ule sikushona kazi ya mteja hata kifungo kimoja.

8. Pumziko. Siku ya saba Yunis alikuja kwenye cherehani akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema bado sana. Akasema, "Hata hivyo," akaifunika cherehani kwa kanga ya mama yake. Devota, ambaye nilitegemea angenitetea, akatandika mkeka. Bwana harusi wa Ruaha alipofika kuangalia suti yake alitukuta tumelala watatu barazani mchana mweupe. Yunis aliamka akamwambia anyamaze, Mungu amepumzika. Nilipozinduka, bwana harusi alikuwa amejinyoosha pembeni anakoroma. Suti nimeimalizia jana. Bitana ina doa ambalo haliwezi kuonekana akiwa amefunga vifungo.

Kwa sababu hizo zote naomba kwa unyenyekevu uumbaji usitishwe majumbani, angalau mpaka watoto wafike umri wa kusikiliza nusu nusu kama sisi wakubwa. Kama hilo haliwezekani, kazi hii apewe mzazi asiye na cherehani, asiye na mahindi, na ambaye mama mkwe wake hana simu. Na kama hilo nalo haliwezekani, basi wazazi tufundishwe kwanza wenyewe, maana mimi nilisimulia hadithi hii wiki nzima na kila jioni Yunis alikuwa ameielewa kunizidi.

Nisalimie Mama Katekista, wazee wa kigango, na yule kijana wa kinanda, mwambie Devota anasema wimbo wa komunyo aupunguze mwendo. Mama mkwe wangu anakusalimu kutoka Kilosa na anauliza kama udongo ulitosha. Bi Mwanvua naye anakusalimu, anasema hakukusudia.

Ni mimi, mtu wako wa benchi la mwisho, nikiwa na uchovu mwingi na heshima isiyopungua,

Rafaeli

N.B. Nimesikia kwamba hadithi ya wiki ijayo, ile ya Nuhu, unataka kumpa Nickson wa mashine ya kusaga. Nickson ni mtu mwema lakini anaongea mbio, atauzamisha ulimwengu wote kabla watoto hawajakaa vizuri. Kazi hiyo naiomba mimi. Wajukuu wa Bi Mwanvua wameshaomba kuja kusikiliza, na mwenyewe anasema habari za Nuhu anazijua tangu madrasa, kwa hiyo atakaa pembeni anirekebishe nikikosea. Kama una picha ya safina tuletee mapema iwezekanavyo, kwa sababu Yunis ameshaanza kukusanya mbao, na misumari ninamshikia mimi.