Malalamiko Kuhusu Vali Iliyopitishwa Pajani

Kwa Mheshimiwa Daktari wa Moyo,

Pokea heshima zangu. Mimi ni yule fundi cherehani uliyemwekea vali mpya ya moyo mwezi uliopita. Nilizaliwa na kasoro ya moyo, nikapasuliwa kifua utotoni, na ukubwani vali ikaanza kuvuja. Nakuandikia kwa masikitiko makubwa.

1. Madaktari wa utotoni waliniachia kovu refu katikati ya kifua: kazi inayoonekana, ingawa mshono ulikwenda upogo. Wewe umepitisha mrija kwenye mshipa wa paja, juu kabisa, ukaacha alama ndogo kuliko tundu la kifungo. Mama mkwe alipokuja kunijulia hali, akaomba aone kidonda. Daktari, nimwoneshe mkwe kinena? Ameondoka akitangaza kwamba nilikwenda hospitali kulala tu.

2. Zamani nikitaja moyo, shemeji alinibebea mtungi wa gesi bila neno. Sasa nikitaja moyo, anajibu kwamba hata yeye anao.

3. Hili ndilo linaloniuma. Tunaishi ghorofa ya nne. Miaka yote ya ndoa, kila tulipofika kwenye kona ya ngazi, mke wangu aliinama kufunga mkanda wa kiatu, nami nikapata nafasi ya kuhema bila aibu. Nilidhani viatu vyake ni vibovu. Nimewahi hata kugombana na fundi viatu. Tangu unitibu, mkanda haujafunguka tena. Kumbe alijua! Mwanamume mzima nilikuwa nikidekezwa ngazini, na ni wewe uliyenifumbua macho.

Kwa hiyo naomba uitoe vali hiyo, uipitishe upya kifuani, ndugu wakiwa nje wanalia kama inavyostahili.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule aliyenikandamiza paja kuzuia damu muda wote ule bila kunitazama usoni.

Mgonjwa wako, kama bado naruhusiwa kujiita hivyo,
Fundi

Tanbihi: Tafadhali, vali usiiguse. Jana tulikuwa tunapanda ngazi, mimi na mtungi begani, maongezi yamenoga, mara nikaona naongea peke yangu. Mke wangu alikuwa nyuma, ameshika ukuta, anahema. Umri umemfikia naye, na hapendi kuambiwa. Nikautua mtungi, nikainama, nikafunga kamba za viatu vyangu, ambazo hazikuwa zimefunguka.