Soko la Nafasi kwenye Kliniki ya Macho

Jumatatu, 3 Machi

Bibi ametia chumvi kwenye chai tena. Tumekunywa wote. Nani amwambie?

Ijumaa alikwenda kliniki ya serikali kumwona daktari wa macho, ambaye huja siku hiyo tu. Matibabu ni bure kabisa. Dirisha likafungwa kabla ya zamu yake. Ijumaa ya kabla yake, hivyo hivyo. Bibi anasema hana haraka. Alisema hivyo huku akiweka kikombe mahali pasipo na meza.

Kilichonishangaza ni foleni yenyewe. Anasema si ya watu, ni ya vitu. Mtu anafika alfajiri, anaweka jiwe, kandambili au kidumu, kisha anakwenda kukaa kivulini. Kandambili inasubiri kwa niaba yake.

Nimewaza jioni nzima. Kama kandambili inaweza kushika nafasi, kwa nini nafasi isiuzwe?

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima maktabani kitabu kinene cha uchumi. Mwalimu wa maktaba aliniuliza nani amenituma.

Sura ya nne: penye foleni ndefu, kuna bei imekosekana. Nikasahau kula.

Mpango: Soko la Nafasi. Asiye na haraka anarudi nyuma, mwenye haraka anakaa mbele, na wa mbele anamlipa mwenzake chochote walichokubaliana. Halazimishwi mtu. Wote wanarudi nyumbani wameridhika, na serikali haipotezi hata tone la dawa. Ajabu kwamba halijafikiriwa.

Dada yangu mdogo, tunayemwita Kasuku kwa sababu zinazojulikana mtaa mzima, akauliza: na asiye na kitu cha kulipa je? Nikamwambia asiniingilie. Kisha nikaenda kutafuta jibu. Sura ya nne haina. Labda sura ya tisa.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo. Soko linahitaji mtangazaji, na mimi nikisimama mbele ya watu sauti inashuka mpaka tumboni. Juzi darasani niliulizwa jina langu nikaomba muda.

Kasuku amejitolea. Ila anasema yeye atawaambia watu tu kwamba Bibi yetu haoni, tafadhali wampishe. Nimemweleza kwamba huo si mfumo, huko ni kuomba. Akasema wewe Profesa bwana, kwa maneno hujambo.

Nimeandika tangazo. Karatasi moja, mwandiko wangu bora kabisa. Juu kichwa cha habari, katikati maelezo na mfano, chini masharti kwa herufi ndogo, kama mikataba ya kweli. Sijawahi kuandika insha nzuri namna hii. Bibi aliuliza kalamu inakwaruza nini. Nikasema uchumi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepewa ruhusa shuleni nimpeleke Bibi. Kasuku akaja pia, hakuna aliyemwita. Akaweka kandambili ya Bibi nyuma ya kidumu cha njano, mbali sana na mlango. Mlinzi alipogeuka, nikabandika tangazo ukutani. Nikajificha nyuma ya nguzo nione soko likizaliwa.

Mzee mwenye kofia akalisogelea. Akakodoa. Akarudi nyuma, akaziba jicho moja kwa kiganja. Akasoma kwa sauti: S, O, K. Akakwama. Mama aliyekuwa nyuma yake akamwambia sogea basi, mzee wangu, umeshapima, na wenzio wapime. Ikapangwa foleni mpya, hii ya watu wenyewe. Fundi cherehani akaapa kwamba mstari wa tatu anauona. Wakamwambia anabahatisha, hebu ausome kutoka mwisho.

Kliniki ya macho. Hilo sikuliwaza.

Nilitaka kueleza. Sauti ikashuka tumboni.

Muuguzi akatoka kuuliza kelele za nini. Akalitazama tangazo, akawatazama watu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema haya, tuendelee nalo hilo hilo. Waliosoma mpaka masharti walikuwa na macho ya kuwasha tu, akawapa dawa ya matone pale pale wakaenda zao. Foleni ikapungua nusu. Bibi alipoulizwa anaona mstari gani, akauliza kwani karatasi iko wapi, mwanangu. Akaingizwa wa kwanza. Kandambili yake ikabaki nje inasubiri.

Jicho moja lina mtoto wa jicho, atapasuliwa mwezi ujao. La pili limepewa miwani leo leo.

Hitimisho: soko limefanya kazi. Kasuku ameuliza soko gani, mbona hakuna aliyeuza kitu. Hajasoma sura ya nne.

Jumapili, 9 Machi

Chai ina sukari.

Bibi anasoma kila kitu. Kalenda, pakiti ya chumvi, shati langu pale lilipoingia wino. Leo Kasuku akamletea tangazo. Alikuwa ameliomba kwa muuguzi, na bila shaka alimwambia ni kazi ya nani.

Bibi alilisoma lote, kidole kikitembea chini ya maneno, mpaka sharti la mwisho: atakayempisha Bibi atapewa kuku wa madoadoa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Akauliza kwa upole kuku wa madoadoa ni wa nani. Nikasema wake. Akasema na yeye alidhani hivyo.

Nitasafisha banda la kuku mwezi mzima. Nimeuliza kama ni adhabu. Akasema hapana, mjukuu wangu, ni bei.

Nimemaliza sura ya tisa. Jibu la swali la Kasuku halimo. Labda ya kumi.

Ila kosa langu nimeliona: ni kuandika. Jumatano anakuja daktari wa masikio, na nasikia foleni yake ni ndefu zaidi. Safari hii sitaandika hata neno. Nitajikaza, nisimame mlangoni, niwatangazie kwa mdomo. Polepole, kwa sauti yangu hii hii.