Fahali Anayeona Haya

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza, na mimi, Griffin Mukhwana, bingwa wa mapenzi wa Iguhu nzima, nimemwagiwa maji ya vyombo. Nilikuwa paka wakati huo. Paka mzuri sana, mweusi, ndevu ndefu! Mpango ulikuwa rahisi: niingie kwa akina Ayuma, nijikunje miguuni pake, nisikie kama ananitaja. Mama yake akaniona karibu na sufuria ya maziwa. Chwaa! Maji yote, na mabaki ya sukuma juu.

Lakini sikutoka bure. Kabla ya maji nilisikia mambo mawili. La kwanza: Jumapili sisi vijana wa kanisa tunakula chakula cha mchana kwao, na mama anahangaika kwa sababu ugonjwa wa kideri umemaliza majogoo wake wote. Alikuwa akimuuliza Mungu wageni watalishwa mboga mpaka lini. La pili ni baya. Tyson, mwenzetu wa kanisa, amemwambia Ayuma kwamba Jumamosi fahali wake, Greda, atashinda pambano la mafahali uwanjani, na akishinda, yeye Tyson ndiye atakayekaa kando yake mezani. Akae kando yake! Na mimi je?

Kukhu Awinja, nyanya yangu, aliyenirithisha kipaji hiki, amenikausha kwa leso huku akicheka. Akauliza kwa nini nisiende tu kumsalimu msichana wa watu nikiwa mtu. Wazee hawaelewi. Nikiwa mtu mbele ya Ayuma, ulimi unagoma. Nikiwa mnyama, hakuna anayetarajia niseme lolote.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Mzee Shikanga, baba yake Ayuma, ana wazimu wa fahali kuliko mtu yeyote Ikolomani. Fahali wake ameumia mguu, na Jumamosi hana wa kumtoa. Basi nitakuwa fahali! Nitamshinda Greda mbele ya watu wote, Tyson ataona aibu, Ayuma atanishangilia. Halafu siku moja, kwa upole, nitamwambia kumbe nilikuwa mimi.

Nimefanya mazoezi nyuma ya choo. Kufumba macho, kubana pumzi, kumfikiria mnyama, basi. Pembe safi! Rangi ya maruni, sawasawa na sweta yangu ya shule. Kurudi kuwa mtu ni kupiga chafya tu, na Kukhu ana ugoro wa kutosha. Bahati mbaya nimekanyaga sukuma zake zote. Leo hakucheka.

"Mimi nilikuwanga njiwa nikienda soko kusikia bei ya nyanya," akaniambia. "Basi. Sikusumbuanga mtu."

Njiwa! Bei ya nyanya! Kipaji kikubwa hivyo!

Jumatano, 6 Agosti

Alfajiri nilisimama getini kwa Mzee Shikanga. Alitoka na mswaki mdomoni. Mswaki ukaanguka. Akapiga magoti kwenye umande, akalia kwamba Mungu amejibu maombi yake, na papo hapo akanipa jina: Jibu. Mzee wa mtaa akaulizwa kama kuna aliyepotelewa na ng'ombe. Hakuna. Mimi hapo, kifua mbele.

Nyasi za nepia si mbaya. Zinataka chumvi tu.

Ayuma aliniletea maji. Nikaangalia chini. Akazunguka upande wa pili ili anitazame vizuri. Nikaangalia ukutani. Akacheka peke yake. Sijui alikumbuka nini. Usiku wakilala nanusa ugoro wa Kukhu niliouficha zizini, natoroka kuandika haya, kisha narudi.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika mbio mbio. Wote wameenda mazoezi ya kwaya, vumbi la nepia limenipigisha chafya, na nimekimbia nyumbani kwa sababu nikikaa na habari hii nitapasuka. Ayuma ananipenda! Mimi!

Aliegemea mlango wa zizi akaanza kuongea na ng'ombe, yaani na mimi. Akasema amechoshwa na kelele za Tyson. Akasema kuna kijana kanisani anayekaa benchi la nyuma, ambaye kila Jumapili humpa kitabu cha nyimbo bila kufungua mdomo.

"Mimi napendanga mtu ametulia," akasema, "lakini si kutulia mpaka anakuwa bubu. Aseme hata kitu moja tu."

Benchi la nyuma! Kitabu cha nyimbo! Nililia mooo mpaka mbwa wa majirani wakajibu. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Kukhu ameuliza: kama msichana anangoja neno, mbona niko hapa naandika? Nimemweleza kwa subira. Mwanamume haendi kwa msichana mikono mitupu. Kwanza ushindi, halafu neno. Narudi zizini.

Ijumaa, 8 Agosti

Mzee Shikanga amenoa pembe zangu kwa kipande cha chupa. Inatekenya vibaya. Amewatangazia majirani kwamba kesho Jibu akikimbia, atapelekwa buchani kabla ya jua kutua, hata kama ametoka mbinguni. Wote wamecheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Niko hai! Hilo kwanza.

Tulienda uwanjani kwa ngoma za isukuti, filimbi, watu na matawi yao wakikimbia mbele na nyuma yangu, wakiimba jina langu. Jibu! Jibu! Nilijiona mfalme. Kisha watu wakapisha, nikamwona Greda. Jamani! Tyson hakusema kwamba fahali wake analingana na lori. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa sijawahi kupigana na mtu, hata na binamu zangu wadogo. Greda akapumua. Mara moja tu.

Nilivuka uwanja. Nilivuka mtaro. Nilivuka kibanda cha mama wa mandazi, naomba radhi. Nyuma yangu Mzee Shikanga alikuwa akiita mwenye bucha, na mwenye bucha, ole wangu, alikuwa pale pale na aproni yake. Nikajitosa kwenye shamba la mahindi. Mahindi yamekauka, vumbi tele. Chafya! Nikawa Griffin, magotini, kamba shingoni.

Mbele yangu, akihema kwa mbio, Ayuma.

Hakupiga kelele. Aliifungua kamba polepole, akaikunja.

"Nilijua tangu Jumatano," akasema. "Ng'ombe gani huonanga haya?"

Ardhi ingenimeza ningeishukuru. Akaniambia baba yake ataambiwa kwamba Jibu amerudi kwa aliyemtuma. Akaniambia kesho nije kula, nije nikiwa Griffin, nimsalimu kwa mdomo wangu mwenyewe. Kiti cha kando yake amekiwekea leso. Nisipokuja, Tyson atakikalia, na yeye Ayuma hatakaa akiongea na zizi maisha yake yote. Aliposema hayo macho yake hayakuwa yakicheka.

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikapiga chafya.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi njema kuliko zote! Shati limepigwa pasi. Neno ninalo: "Habari yako, Ayuma." Nimelisema mbele ya kioo, mbele ya mbuzi, mbele ya Kukhu. Linatoka vizuri kabisa.

Shida ni ndogo tu. Sijui Mzee Shikanga ameamka na hasira kiasi gani. Sijui kama leso bado iko kitini. Mtu mwenye akili hupeleleza kwanza. Si kama fahali, la! Nimejifunza: fahali ni mkubwa mno, anaonekana. Safari hii nataka kitu kidogo, cha kawaida, ambacho hakuna atakayekishangaa uani. Nitakuwa jogoo. Mwekundu, mnene, mkia mrefu. Nitadonadona karibu na jikoni, nisikie yote, kisha nipige chafya nyuma ya nyumba na niingie mlangoni nikiwa Griffin.

Kukhu amejishika kichwa. Ameuliza kama nimesahau sisi huku tunawapikia wageni nini. Namwonea huruma, ni uzee. Hajui kwamba mama yake Ayuma amelilia jogoo wiki nzima. Akiniona tu pale uani, atanipokea kwa mikono miwili.