Mama Mkwe kwa Mwanga wa Tochi

Jumatatu, 6 Mei

Siku njema. Nimegundua jambo. Televisheni yetu imekuwa ikila umeme miaka mitatu bila mtu kuihoji! Leo mke wangu alipokwenda kazini nilishika rimoti, nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta sehemu imeandikwa Kuokoa Umeme. Ngazi nne, na sisi tulikuwa hatuna hata moja. Ya kwanza kidogo, ya pili wastani, ya tatu juu. Ya nne ilikuwa na maelezo marefu, sikuyasoma yote. Lakini ya mwisho ndiyo kubwa, hilo halihitaji shule. Nikaichagua. Nikazima televisheni palepale ili akiba ianze mapema.

Sijamwambia mke wangu. Nataka agundue mwenyewe, aulize ni nani mwenye akili hizi, nami nijibu kwa unyenyekevu.

Habari kubwa zaidi: mama mkwe atatokea kwenye televisheni! Jumapili, saa kumi jioni, kipindi cha mafundi stadi. Walimrekodi mwezi uliopita akiwa kwenye cherehani yake. Ukoo mzima haulali. Swali ni moja tu, atajitazama akiwa nyumbani kwa nani? Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, alishatangaza kwamba kwake kuna televisheni pana kama kitanda. Lakini mke wangu aliwahi kumwomba mama, na mama amekubali kuja kwetu. Kwetu! Miaka kumi na moja ya ndoa, na mama huyu hajawahi kumaliza kikombe cha chai nyumbani kwangu.

Yote ni kwa sababu ya cherehani. Nilimtengenezea, ikakataa kwenda mbele, ikawa inashona kurudi nyuma tu. Nilishaeleza kwamba ni bahati mbaya. Jumapili jina langu litasafishwa.

Jumanne, 7 Mei

Balaa! Jana jioni hatukuwasha televisheni, mke wangu alikuwa kwa dada yake. Leo kaiwasha atazame taarifa ya habari. Sauti ipo, picha hakuna. Kioo cheusi tititi, mtangazaji anaongea humo ndani kama mtu aliyefungiwa kabatini.

Mke wangu akauliza kama nimeigusa. Nikasema sijaigusa. Nimeigusa wapi? Niligusa rimoti, tena kwa wema.

Akasema basi aitwe Fundi wa Kona. Nikakataa. Mwaka jana nilimpelekea fundi huyo pasi niliyoifungua na kushindwa kuifunga, akawaita wateja wake waje kuitazama. Walikuja. Mmoja aliomba kuipiga picha. Sitasahau. Nikamwambia mke wangu kwamba mwanamume wa nyumba hii ni mimi na televisheni itapona kabla ya Jumapili. Akachukua redio yake, akaenda kuifungia chumbani.

Moyoni naogopa. Picha isiporudi, mama atakwenda kwa mwanyumba, na mwanyumba atanikumbusha hadi kiama.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya ujasusi. Nimekwenda kwa Fundi wa Kona nikasema kuna rafiki yangu, hamjui, televisheni yake ina sauti lakini haina picha. Fundi alikuwa anakunywa chai. Akauliza huyo rafiki anaendeleaje na pasi. Nikajifanya sikusikia.

Akasema azime taa za chumba, amulike tochi kwenye kioo kwa karibu. Akiona picha kwa mbali, basi picha ipo ila taa za nyuma ya kioo haziwaki. Halafu akaanza kusema lakini mwambie kabla hajafungua kitu chochote. Nikamwambia inatosha, ahsante. Mafundi wakiachiwa wanaongea mpaka jioni, na mimi nilikuwa nimeshashika kiini cha jambo.

Nyumbani nikakuta tochi haina betri. Tochi ya simu yangu haiwaki tangu nilipoirekebisha. Nikatoa betri za rimoti, zikaingia kwenye tochi bila ubishi. Nikafunga mapazia, nikawasha televisheni kwa kitufe cha chini, nikamulika. Nilipiga kelele! Picha ipo! Ndani ya duara la tochi nikaona kiganja cha mtu, nikapandisha juu, nikaona shingo, kisha uso wa mpishi akionja mchuzi. Dhaifu, lakini ni mpishi. Kwa hiyo ubongo wa televisheni ni mzima, kilichokufa ni taa. Mke wangu amenikuta gizani nimepiga magoti mbele ya kioo. Akaurudisha mlango taratibu.

Alhamisi, 9 Mei

Upasuaji. Nimechomoa waya kwenye soketi, nimetandika blanketi mezani, nimeilaza televisheni kifudifudi. Skrubu kumi na saba. Nimezipanga kwenye sahani kwa utaratibu niliouelewa wakati huo.

Kifuniko kikatoka. Ndani vumbi, waya, bodi mbili, na pembeni mwa bodi kubwa, mjusi! Amekufa, amekauka, mkia juu. Mhalifu! Nikakaa chini kwa furaha. Kumbe wala si mimi, ni mjusi. Nimemtoa kwa koleo la barafu la mke wangu (nimelirudisha, nimelifuta). Nimepuliza vumbi lote, jingine nimelimeza. Nimebonyeza kila waya kuhakikisha umekaa. Mmoja haukuwa na haja ya kubonyezwa, sasa umelegea kidogo.

Mke wangu alirudi nikamwonyesha mjusi kwenye karatasi. Akasema mjusi huyo anaonekana amekufa zamani kuliko pasi yetu, na televisheni ilikuwa inaonyesha naye akiwa humo. Wivu wa mtu asiyekuwa na bisibisi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeifunga. Skrubu tatu zimebaki. Nimetafakari na kuamua kwamba kiwandani walizidisha. Ukiitikisa televisheni inalia kama njuga. Kwa hiyo sitaitikisa.

Nimeiwasha. Sauti safi kabisa. Picha hakuna.

Nilikaa kwenye kochi nikaumia kweli. Si kwa ajili ya mwanyumba tu. Nampenda yule mama. Nilipomchumbia binti yake alinipima suruali ya harusi kwa mikono yake mwenyewe, akaniambia nisimame wima, mtu mwema hana sababu ya kujikunja. Nilitaka siku moja akae kwenye kochi langu akiwa na furaha.

Huzuni ilidumu kama robo saa. Kisha nikapata wazo. Mama akihisi kwetu kuna mushkeli, kimbilio lake ni kwa mwanyumba. Basi kimbilio lifungwe! Nikampigia simu mama, baada ya shikamoo nikamwambia nimesikia tetesi kwamba Jumapili umeme utakatika upande wa kwa mwanyumba kuanzia saa nane. Nani kasema? Watu. Mama akasema marahaba, amesikia. Nimelala usingizi wa mshindi.

Jumamosi, 11 Mei

Mama aliwaambia. Mwanyumba amepiga simu asubuhi, ananishukuru kwa taarifa. Kwa kuwa kwao umeme utakatika, watakuja wote kwetu. Yeye, mkewe, watoto wanne na mama yake mzazi. Akauliza kama viti vinatosha. Nikasema vinatosha.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimechimba, nikaingia, na nimemwalika mwanyumba aje kuchungulia.

Mke wangu akasema kwa upole kabisa kwamba Fundi wa Kona yuko hatua mia mbili. Nikamwambia sina haja naye, nina mpango. Mpango ni huu: tutatazama kwa tochi. Nitasema ni mtindo mpya wa kulinda macho. Kioo hakimuumizi mtazamaji, mtazamaji ndiye anayekimulika kwa kiasi anachotaka. Nimefanya mazoezi ya kuyasema maneno haya bafuni mara sita. Mara ya sita nilikuwa nimeanza kuyaamini.

Jumapili, 12 Mei

Nitaandika kama yalivyotokea.

Saa tisa na nusu walikuwa wamejaa. Mama mkwe katikati ya kochi, gauni la buluu alilolishona mwenyewe, mikono mapajani, ana woga kama bibi harusi. Mke wangu akamwekea chai. Mwanyumba akasimama mbele ya televisheni, akaipima kwa shubiri, akasema ni ndogo lakini inatia huruma. Nikavumilia.

Saa kumi nikafunga mapazia, nikatoa hotuba ya macho. Mama wa mwanyumba akauliza mwanangu, umeme umekatika na huku? Nikabonyeza kitufe. Muziki wa kipindi ukaanza gizani. Nikampa mama mkwe tochi, nikamwelekeza mkono. Mwanyumba akaangua kicheko, lakini akawasha simu yake, mkewe naye akawasha yake, na watoto wakagombania kumulika. Na pale, ndani ya duara la tochi, tukaona mkono wa mama ukipitisha kitambaa chini ya sindano.

Mama akashusha pumzi. Akawa anajifuata mwenyewe kwenye kioo, anamulika mkono, anamulika shingo, anajitafuta uso. Akisogea kwenye picha, duara linampoteza. Mara anamulika kitasa cha mlango wa duka lake. Aliinama mbele tu, macho kayakaza, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Mtu kafanya kazi miaka arobaini, siku ya kuonekana ndiyo hii, na mkwewe kampa tochi.

Mlango ukagongwa. Fundi wa Kona! Mke wangu alimwita tangu asubuhi, mimi nikiwa bafuni na mazoezi yangu. Fundi akaangalia tochi, akaangalia kioo, akaniangalia. Akasema kumbe rafiki yako ndiye huyu. Akaomba rimoti. Akabonyeza. Haifanyi kazi. Akafungua nyuma, hamna betri. Macho yote kwangu. Ikabidi niseme. Betri zikatolewa kwenye tochi ya mama, mwanyumba akaambiwa amulike kona ya chini ya kioo, na fundi akawa anasoma maandishi polepole mbele ya watu wote. Kuokoa Umeme. Ngazi ya nne. Kuzima mwanga wa kioo, kwa wanaotaka kusikiliza sauti tu.

Akauliza nani aliiweka hapa. Watoto wa mwanyumba ndio waliojibu, kwa pamoja, wakininyooshea vidole, na hawakuwa hata wameambiwa.

Akabonyeza mara mbili. Mwanga! Chumba kizima kikawa cheupe, na mama mkwe akajaa kwenye kioo, mkubwa, mzuri, miwani puani, kila uzi unaonekana. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama akajishika mdomo.

Mtangazaji alikuwa anamuuliza kwa nini anashona kuanzia mwisho wa mshono kurudi mwanzo, mbona hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Mama wa kwenye kioo akacheka. Akasema cherehani hii iliharibiwa na mkwe wangu. Alikuja kunitengenezea bila kuitwa, tangu siku hiyo haijui mbele. Nilikasirika mwaka mzima. Halafu nikajifunza kushona kinyumenyume, na sasa mishono yangu haifumuki, wateja wanatoka mbali kuifuata. Akasema mkwe huyo mikono yake haitulii, lakini binti yangu tangu aolewe naye sijamwona akikosa cha kuchekea.

Mke wangu akawa anacheka na kujifuta macho. Mimi nilisema kuna vumbi, bado halijaisha lile la Alhamisi. Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono akachukua kikombe chake, akanywa chai mpaka mwisho, akakirudisha kwenye sahani.

Mwanyumba hakutajwa. Nilisikiliza hadi muziki wa mwisho. Hakutajwa hata mara moja.

Jumatatu, 13 Mei

Asubuhi tulivu. Fundi wa Kona kakumbusha kwamba ile siku alitaka kusema kabla hajafungua kitu aangalie kwanza rimoti. Angesema mapema.

Mke wangu kaficha bisibisi. Iko ndani ya pipa la unga, niliona ncha.

Nimewaza usiku kucha namna ya kumshukuru mama. Mtu amekusifu mbele ya nchi nzima, huwezi kukaa kimya. Anashona kinyumenyume miaka yote hii, maskini, kwa kosa langu! Nimeulizia, kesho anakwenda kumwona mgonjwa na ufunguo wa duka anamwachia mke wangu. Nitaingia saa tatu, saa sita nitakuwa nimemaliza. Itakwenda mbele kama siku aliyoinunua. Hataamini macho yake. Na skrubu ninazo, tatu, hazijatumika.